Chaja ya Haraka ya Pikipiki ya Umeme: Soma Namba, Achana na Kapsheni

Wadau wa Chuga, leo tuongee kitu ambacho hakina kiki ila kina moto. Na nasema moto kweli, siyo ule wa "ngoma ya moto".

Kuna kaka mmoja wa hapa mjini, jina tunaliweka pembeni maana wenye macho mnamjua. Wiki iliyopita alikuwa anauza manukato, wiki hii amekuwa balozi wa chaja za pikipiki za umeme. Video ni zile zile za siku zote: pikipiki inang'aa, muziki uko juu, mkono wenye saa kubwa unachomeka plagi, halafu kapsheni, "Lisaa limoja tu betri imejaa, rudi road ukasake mkwanja". Chini machalii wamejazana, wote wanauliza kitu kimoja: bei gani? Hakuna anayeuliza ile chaja inatoa volti ngapi. Na yeye hakuonyesha. Boksi limegeuzwa upande usio na stika mwanzo mpaka mwisho wa video.

Mimi sina ugomvi na mtu kula matangazo. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Ugomvi wangu uko kwenye ile stika. Kwenye chaja ya pikipiki ya umeme stika ndiyo bidhaa yenyewe, kilichobaki ni boksi la bati na feni. Mtu akikuuzia chaja bila kukuonyesha stika amekuuzia mbuzi kwenye gunia, na mbuzi huyu akitoka vibaya hali majani, anakula nyumba.

WANAOTAKA HARAKA WANA HESABU ZAO

Kuna watu wakisikia chaja ya haraka wanakimbilia kusema haraka haraka haina baraka, vijana wana tamaa, watulie na chaja iliyokuja na pikipiki. Maneno hayo ni rahisi kwa mtu ambaye halali njaa betri ikiisha.

Mchukue dereva wa bodaboda anayekaa Terrat. Kata iko kusini mwa jiji, nyumba mpya zinaota kila siku, barabara za mitaani ni vumbi kiangazi na tope masika. Abiria wake wengi wanataka mjini: Kilombero, Stendi Kuu, Mnara wa Saa, Hospitali ya Mount Meru. Na mjini ni kupanda. Jiji letu limekaa kwenye miguu ya Mlima Meru, kwa hiyo ukitokea kusini ukapewa abiria wa Sanawari, kisha mwingine wa Ilboru, betri inaliwa kweli kweli. Ikifika saa saba mchana dashibodi inasoma asilimia 20.

Sasa chaja nyingi zinazokuja na pikipiki ni ndogo, ampea 5 hivi. Betri ya volti 72 yenye 40Ah ukiijaza kwa ampea 5 inataka masaa nane mpaka tisa. Yaani siku ya kazi imeishia hapo. Ukiwa na chaja ya ampea 10, masaa mawili ya mchana yanarudisha karibu nusu ya betri, na jioni unarudi kijiweni wakati wenzako wa petroli nao wanaanza kuchangamka. Hiyo ni nusu siku ya kazi. Ni hesabu ya bosi, ni ada ya mtoto. Na AFCON ya 2027 ikitua pale Olmoti kwenye uwanja mpya, mwenye betri iliyokufa saa saba mchana atabaki kuangalia wenzake wakibeba mashabiki.

Kigali walilitatua kwa njia nyingine. Ampersand walianza biashara kule mwaka 2019 na mfumo wa kubadilisha betri: unafika kituoni, unatoa iliyoisha, unavalishwa iliyojaa, unaondoka. Nairobi nako mfumo huo umeshika. Mwaka 2025 Rwanda ikaenda mbali zaidi, pikipiki mpya za abiria jijini Kigali zikaanza kusajiliwa za umeme tu. Kwenye mfumo ule betri ni ya kampuni, na kuchaji ni kazi ya kampuni. Huku kwetu wengi wananunua pikipiki na betri yake, wanaondoka nayo nyumbani. Kwa hiyo kuchaji ni juu yako: soketi yako, LUKU yako, usingizi wako.

Kwa hiyo chaja ya haraka ni hitaji halali kabisa. Swali ni ipi.

72 SIYO 72

Hapa ndipo watu wanapopigwa. Unaenda dukani, unasema "nipe chaja ya sevente tuu", unapewa boksi limeandikwa 72V, unalipa, unasepa. Ndugu yangu, hiyo 72 ni jina la ukoo tu. Ndani ya ukoo huo kuna watoto wasiofanana.

Betri za lithiamu zimejengwa kwa seli ndogo zilizopangwa mstari. Zile ambazo stika yake inaandikwa NMC au Li-ion, seli moja ikijaa inafika volti 4.2, na haitakiwi kuzidi hapo. Betri ya volti 72 ya aina hiyo mara nyingi ina seli 20 kwenye mstari, kwa hiyo ikijaa inasoma 84. Zile zinazoandikwa LFP au LiFePO4, seli moja inajaa kwenye 3.65, na betri ya "72" yenye seli 24 inajaa kwenye 87.6. Halafu kuna betri za asidi, zile nzito, vipande sita vya volti 12. Chaja yake inapanda mpaka kwenye 88 hivi.

Umeiona hiyo? Chaja tatu, zote dukani zinaitwa 72, moja inaishia 84, nyingine 87.6, nyingine 88. Chukua ile ya 88 uichomeke kwenye betri ya NMC ya seli 20. Gawanya 88 kwa 20: unapata 4.4 kwa kila seli iliyotengenezwa kuishia 4.2. Kwa macho tofauti ni kiduchu. Kwa seli ya lithiamu ni kulazimishwa kumeza kitu kisichokaa tumboni. Inapata joto, inavimba, na siku ikishindwa inawaka.

Najua kuna fundi atasema, "Tulia wewe, betri ina BMS, itakata yenyewe." Ni kweli, BMS ni ule ubongo mdogo ndani ya betri unaokata umeme seli zikizidi. Lakini BMS ni kama mlinzi wa getini. Kazi yake ni kukuokoa siku mambo yakiharibika, siyo kupigana na mwizi yule yule kila usiku. Ukiitegemea ikate kila unapochaji, unasubiri siku moja ichoke.

Kwa hiyo sheria ya kwanza, iandike kwenye simu yako: usinunue kwa kuangalia 72V. Tafuta neno OUTPUT kwenye stika ya chaja yako ya zamani, ile iliyokuja na pikipiki. Kama imeandikwa OUTPUT 84V 5A, chaja yako mpya lazima isome 84V. Siyo 85 na ushee, siyo 88. Volti haibadiliki. Unachoruhusiwa kubadilisha ni ile namba ya pili, ampea, nayo ina mipaka yake.

Kama chaja ya zamani imepotea, soma stika ya betri. Kama nayo imebanduka, tafuta fundi wa betri za lithiamu, siyo wa redio, afungue ahesabu. Na ukishanunua, omba ipimwe kwa mita ya umeme hapo hapo kaunta kabla hujatoa hela. Zipo chaja ambazo hazisomi kitu mpaka ziunganishwe na betri, kwa hiyo nenda na pikipiki yako. Muuzaji anayekasirika ukiomba kupima ameshakujibu.

AMPEA: TAMAA INAANZIA HAPA

Volti tukishamalizana nayo, twende kwenye haraka yenyewe. Haraka ya chaja ni ampea. Ampea 10 inajaza mara mbili ya ampea 5. Ampea 20 inajaza mara nne. Basi mtu anawaza, kwa nini nisichukue 30 nimalize kazi?

Kwa sababu betri nayo ina koo lake. Angalia Ah ya betri yako. Kama ni 40Ah, ampea 10 ni robo ya uwezo wake kwa saa, na hiyo betri nyingi za lithiamu zinaibeba vizuri. Ampea 20 ni nusu, hapo unaanza kuuliza kwanza: BMS yangu inaruhusu kuingiza ampea ngapi? Namba hiyo ipo kwenye makaratasi ya betri, na mara nyingi ni ndogo kuliko ile ya kutoa. Betri inaweza kutoa ampea 60 ukipanda mlima na isiruhusu zaidi ya 15 kuingia. Watu wengi wanachanganya hizo mbili. Ampea 30 kwenye betri ya 40Ah, hata kama haitawaka, unaila miaka yake. Na betri ndiyo kipande cha bei mbaya kuliko vyote kwenye pikipiki ya umeme. Umeokoa lisaa, umeunguza mtaji.

Kwa mtazamo wangu, dereva wa kawaida wa Arusha mwenye betri ya 40Ah anatosheka na ampea 10. Masaa manne na nusu kutoka sifuri mpaka imejaa, na mara nyingi hutoki sifuri. Ile ahadi ya "lisaa limoja" waachie wenye video.

Halafu kuna ujanja mmoja wa vijiweni ambao ukiusikia, kimbia. Fundi anakuambia, "Hii tundu ya kuchajia ni nyembamba, tuunge kwenye ule waya mkubwa unaoenda kwenye mota, itaingia chap." Kwenye betri nyingi njia ya kuingiza na njia ya kutoa ni mbili tofauti, na ulinzi wa kuzidisha chaji uko kwenye njia ya kuingiza. Ukipitia mlango wa nyuma umemruka mlinzi. Ni hivyo hivyo kwa plagi: kichwa cha chaja kuingia kwenye tundu haimaanishi waya wa ndani umepangwa sawa. Viwanda havikukubaliana. Chanya na hasi zikipishana ni cheche na harufu ya kuungua hapo hapo. Pima kwanza.

LUKU NA MAJIRANI

Kuna uongo unatembea kwamba chaja ya haraka inakula sana umeme. Haikuli zaidi. Betri ni ndoo, na ndoo ya lita 20 ni lita 20, ukijaza kwa bomba kubwa au dogo. Betri ya volti 72 na 40Ah inabeba karibu uniti 2.9. Ukijumlisha zinazopotea kama joto kwenye chaja, weka 3.3 kutoka ukutani. Kwa ile bei ya kawaida ya 356 kwa uniti, ambayo ni 292 iliyoidhinishwa mwaka 2016 pamoja na VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, hiyo ni kama shilingi 1,175 kwa kujaza mara moja. Mtu wa petroli anajua buku na ushee inampeleka wapi. Hapo umeme umeshinda bila mjadala.

Kasheshe ni mwisho wa mwezi. Ukijaza kila siku, siku 30, ni uniti 99. Wale mlioko kwenye ile tarifu ya bei nafuu mnajua mpaka wake ni uniti 75 kwa mwezi. Pikipiki peke yake imeshaupita, kabla hujawasha taa wala kuchaji simu. Zinazozidi unalipa kwa bei ya juu, na ukizoea kuzidi unaweza kuhamishiwa tarifu ya kawaida.

Sasa leta hiyo kwenye nyumba ya kupanga, mita moja ya LUKU, vyumba sita, kila mtu anachanga elfu tano. Mama wa chumba cha tatu ana taa na redio. Wewe una pikipiki inayokula uniti 99. Unadhani ugomvi wa uani utakosekana? Na kama nyumba ilikuwa kwenye tarifu ya nafuu, umewatoa wote. Hii siyo siri ya kubana. Ongea na mwenye nyumba kabla pikipiki haijafika, funga mita ndogo ya kwako, lipa unachokula. Amani ya uani ina thamani kuliko chaja yoyote.

Na waya nao. Chaja ya volti 84 na ampea 10 inavuta karibu wati 930 ukutani, hiyo ni ampea 4, soketi nzuri inaibeba. Ya ampea 20 inavuta karibu wati 1,900, zaidi ya ampea 8, kama kuacha pasi kubwa inawaka zaidi ya masaa mawili bila kupumzika. Plagi yetu ya pini tatu mwisho wake ni ampea 13. Chomeka pikipiki mbili kwenye ekstenshen moja ya bei chee na umevuka mpaka. Mitaa iliyo mwisho wa laini ndiyo mibaya zaidi, maana usiku umeme ukishuka chaja nzuri inavuta ampea nyingi zaidi ili kufidia, na waya mwembamba unachemka. Shika plagi baada ya nusu saa. Uvuguvugu sawa. Ikikufanya utoe mkono, chomoa.

CHUMBA KIMOJA, MLANGO MMOJA

Nimekuwa nazunguka, sasa nifike kwenye kitu kilichonifanya niandike.

Vijana wengi wa mjini wanakaa chumba kimoja. Pikipiki hailali nje, kila mtu anajua kwa nini. Inaingizwa ndani, na ndani nafasi iliyopo ni mlangoni. Inachomekwa saa nne usiku, watu wanalala. Mlango ni mmoja na umezibwa na pikipiki. Dirisha lina nondo. Kitandani kuna mke na mtoto.

Betri ya lithiamu ikiwaka haikupi muda wa kuamka ujinyooshe. Moshi wake ni sumu, unakuja kwanza, na moto unajilisha wenyewe kutoka ndani ya seli. New York, mji wenye magari ya zimamoto kila kona, mwaka 2023 ulihesabu moto 268 wa betri za lithiamu, za baiskeli na skuta za umeme zikiwa mstari wa mbele, na watu 18 wakafa. Mwaka huo huo mwezi wa tisa sheria yao ikaanza kazi: kuuza baiskeli, skuta au betri ya umeme ambayo haijapimwa na kuthibitishwa ni kosa. Walifika hapo baada ya kuzika. Sisi tuna nafasi ya kufika hapo bila kuzika.

Na hapa ndipo chaja ya haraka, ile sahihi, inageuka rafiki. Chaja ya ampea 5 inakulazimisha kuchaji usiku kucha umelala. Chaja ya ampea 10 inakupa uchaguzi: masaa mawili mchana ukiwa kijiweni, mengine mawili jioni ukiwa barazani unakula, unaongea, unaiona. Unapoingia kulala, plagi iko nje ya ukuta. Hiyo ndiyo haraka yenye baraka, na ndiyo sababu kubwa ya kununua chaja ya haraka kuliko zote. Ajabu hakuna kapsheni hata moja inayoitaja.

Kama betri yako inatoka, itoe, ichaji sehemu yenye hewa, juu ya sakafu au zege. Siyo juu ya godoro, siyo chini ya kochi, usiifunike kanga eti feni inapiga kelele. Usiichomeke ikiwa ya moto umetoka kupanda Ilboru, iache ipoe nusu saa. Vumbi letu la Terrat linaingia kwenye feni ya chaja kama ugoro, kwa hiyo ipulize kila wiki. Betri imevimba, imepasuka au imezama kwenye maji ya mafuriko, hiyo haichajiwi tena nyumbani, mpe fundi anayeijua. Na chochote kikitoa moshi, toa watu kwanza. Zima meni swichi kama iko njiani unapotoka. Zimamoto ni 114, na mtoto wako wa darasa la tatu aijue.

BOSI NA DEREVA, MSIKIMBIANE

Kuna jambo lingine linalochemka chini chini. Pikipiki ni ya bosi, dereva analeta hesabu kila siku. Bosi amenunua na chaja ya ampea 5. Hesabu haipungui. Dereva anaona atashindwa, anajichanga, ananunua chaja ya haraka ile ya kwenye video, bosi hajui. Baada ya mwaka betri inashika nusu tu ya safari. Bosi anasema umeniulia betri. Dereva anasema ulinipa chombo kisichotosha kuleta hesabu yako. Wote wana ukweli, na betri imeshakufa.

Mimi hapo nawalaumu mabosi zaidi. Kama unataka hesabu ya siku nzima, toa chaja ya siku nzima. Nunua wewe, chagua volti sahihi, uliza aliyekuuzia pikipiki kama waranti inaruhusu chaja ya nje, na kama hairuhusu mwambie akuuzie ya kwake yenye ampea za kutosha. Iandikwe kwenye mkataba: chaja ni hii, OUTPUT yake ni hii, nyingine hairuhusiwi. Mstari mmoja tu. Mikataba ya boda ina kipengele cha kofia ngumu na cha kuchelewesha hesabu, inakosaje kipengele cha kitu kinachoweza kuunguza mali yote?

Na dereva, ukiwa na mkataba wa kumiliki mwishoni, kumbuka betri unayoichakaza leo ni yako kesho.

TURUDI KWA KAKA YETU

Staa wetu, kama unasoma, na tunajua unasoma: geuza boksi. Ni hilo tu. Tangaza, kula hela yako, weka muziki, vaa saa. Lakini sekunde tano zionyeshe stika, OUTPUT volti ngapi, ampea ngapi, kwa betri ya aina gani. Sema wazi kwamba chaja hii haifai kila pikipiki yenye jina la 72. Utapoteza wateja wachache ambao ingewaunguza. Wengine watakuamini mpaka kwenye manukato.

Na wenye mamlaka nao: TBS ndiyo yenye kazi ya viwango, FCC ndiyo inayokimbizana na bidhaa feki. Wote tumeona operesheni za nguo na vinywaji. Chaja hizi zinaingia kwa maboksi na kuuzwa kwenye simu. Alama ya CE iliyochapwa pembeni haimaanishi kitu peke yake, mwenye mashine ya kuchapa stika anaweza kuibandika hata kwenye jiko la mkaa. Tunataka alama ambayo mtu wa Terrat anaweza kuikagua kabla hajalipa.

Mpaka hapo, kazi ni ya kwako. Leo jioni kabla hujachomeka, chukua simu, piga picha stika mbili, ya betri na ya chaja. Zilinganishe. Kama namba hazipatani usichomeke, hata kama imekuwa ikifanya kazi miezi sita. Halafu sogeza pikipiki itoke mlangoni.